Mwalimu Mmoja Kila Shule

Ujumbe uliingia kwenye grupu la kata Jumatano jioni, watu wako jikoni: "Mwalimu mmoja kila shule afike kesho saa mbili kamili asubuhi. Aje na daftari na kalamu. Nauli itarejeshwa." Basi. Mafunzo ya nini? Haikuandikwa. Ya walimu wa darasa gani? Haikuandikwa. Mmoja tu, yeyote, kama mbuzi wa kupeleka mnadani.

Shuleni kwetu, huku upande wa Bahi mkoani Dodoma, "mwalimu mmoja" hupatikana kwa vigezo vinavyojulikana: asiye na zamu wiki hiyo, anayekaa karibu na lami, au aliyerukwa safari iliyopita. Safari hii akaenda Madam wa Sayansi Darasa la Sita. Kufika ukumbini, kumbe mafunzo ni ya Awali. Siku nzima akafundishwa kona za ujifunzaji, michezo ya vidole na namna ya kumpokea mtoto anayelia siku ya kwanza. Madam ni mtu makini, aliandika kurasa na kurasa. Mwalimu wetu wa Awali alikuwa shuleni na watoto wake, maana angewaachia nani?

Ijumaa, zimebaki dakika kumi watu watawanyike, Mwalimu Mkuu akatangaza mrejesho. Tukasimama chini ya mwarobaini, mikoba begani, bodaboda wa mwenzetu mmoja anapiga honi getini. "Wenzangu, kwa ufupi tu..." Mnajua inavyokuwa. Tukapiga makofi, na kwenye kitabu cha kumbukumbu ikaandikwa kuwa walimu wote wamepata mafunzo.

Walimu wote wamepata mafunzo! Sentensi hiyo itapanda kutoka shuleni kwenda kata, kutoka kata kwenda wilaya, na huko juu kuna mtu ataiweka kwenye jedwali lenye rangi ya kijani.

Hayo ndiyo mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Wawezeshaji wa taifa wanakaa wiki nzima, wanawafundisha wa mkoa siku chache, wa mkoa wanawafundisha wa wilaya siku mbili, wa wilaya wanamfundisha "mwalimu mmoja", na huyo mmoja anatufundisha sisi wengine tukiwa tumesimama. Kila ngazi kuna kinachodondoka, na kinachodondoka kwanza ni kile kilichokuwa na maana: mfano, zoezi, swali la "je, wakikosea hivi nifanyeje?" Kinachofika salama ni vichwa vya habari na vifupisho.

Nitasema na hili, shingo upande. Si kila semina ni hasara. Mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ya miaka ile ya 2015 yaliwasaidia walimu wengi wa madarasa ya chini. Wapo waliojifunza hapo kuanza na sauti ya herufi badala ya kukaririsha "a, e, i, o, u" kama wimbo wa harusi mpaka mtoto anafika Darasa la Tatu anasoma kitabu kizima kwa kichwa huku kakishika juu chini. Lakini tazameni tofauti: waliitwa walimu wa madarasa husika, wakakaa siku za kutosha, wakafundishana kwa vitendo. Hakuitwa "mmoja".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya ninayoyasema yameshaandikwa, tena vizuri kuliko ninavyoweza kuandika mimi. MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ukiisoma kwenye karatasi utadhani imeandikwa na mwalimu aliyechoka na semina. Inasema mwalimu ajifunzie shuleni kwake, pamoja na wenzake, kwenye jumuiya ya ujifunzaji, kuhusu matatizo ya wanafunzi wake mwenyewe. Mwongozo wa kitaifa wa mafunzo haya ni wa mwaka 2020, Taasisi ya Elimu Tanzania imeandaa moduli, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa 9 ya mradi wa Shule Bora. Hatukukosa sera wala moduli.

Tulichonacho ni picha. Mtu akipiga simu kuulizia kama jumuiya ya ujifunzaji inakutana, basi tunaitana haraka. "Kaeni kidogo, kama mnaandika. Wewe inuka uelekeze ubaoni. Bangokitita lile la mwezi uliopita lipo? Lete." Picha inapigwa, mara ya pili kwa sababu fulani alifumba macho, inatumwa kwenye grupu, inajibiwa kwa kidole gumba. Daftari la mahudhurio linazunguka. Kila mtu anarudi darasani alikotoka, akiwa hajajifunza chochote isipokuwa kwamba shati la bluu linatoka vizuri kwenye picha.

Sasa niwaeleze mara moja tulipoifanya kwa kweli, bila kupigiwa simu na mtu.

Mwalimu wa Hisabati Darasa la Tatu, kijana wa ajira mpya, alikuja ofisini na rundo la madaftari amekata tamaa. Alikuwa amefundisha kutoa kwa kuchukua kutoka makumi. Amerudia, ametoa mazoezi, ameita watoto ubaoni, na bado karibu nusu ya darasa wakipewa 52 kutoa 27 wanaandika 35. Si 25. Na si mmoja mmoja, ni safu nzima za 35. Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba wananakiliana. Tukayapanga madaftari mezani. Watoto wanaokaa pembe tofauti za darasa wana jibu moja, na hata kwenye maswali mengine wamekosea kwa namna ile ile. Hapo ikaonekana: hawabahatishi. Wanafuata kanuni. Kwenye mamoja wanaona 2 juu na 7 chini, wanachukua 7 wanatoa 2, wanapata 5. Kwenye makumi 5 kutoa 2 ni 3. Thelathini na tano, safi kabisa.

Kanuni hiyo wameitoa wapi? Mama Mwalimu wa Darasa la Kwanza, ambaye amebakiza muda mfupi astaafu na ambaye hakuna semina iliyowahi kumwita "mwezeshaji", alikuwa anakunywa chai pembeni. Akacheka. "Hilo wamelitoa kwangu, mwanangu. Mimi huwaambia daima: kubwa toa ndogo, ndogo haiwezi kutoa kubwa."

Fikirieni hapo. Kwa mtoto wa miaka sita anayehesabu vizibo vya soda, maneno hayo yanasaidia kabisa. Miaka miwili baadaye ndiyo yanayomwangusha. Na mtoto hana kosa, katii alichofundishwa. Mama Mwalimu asingelijua hilo kwa sababu haingii Darasa la Tatu. Kijana asingelijua kwa sababu haingii Darasa la Kwanza. Mwezeshaji aliyeshuka treni ya SGR asubuhi na kurudi nayo jioni ndiyo kabisa.

Wakakata mabua ya uwele, wakafunga mafungu ya kumi kumi kwa vipande vya kamba. Mafungu matano na mabua mawili. Toa saba. Hayatoshi, basi fungua fungu moja. Mama Mwalimu aliingia mwenyewe Darasa la Tatu kipindi kile, akasimama nyuma, akamwona binti mmoja anakataa kufungua fungu kwa sababu "Mwalimu ataona nimeharibu". Akamwambia mwenzake palepale, kwa sauti ya chini, na kijana akabadilisha maelekezo: leo kila mtu lazima aharibu fungu moja.

Hayo ni mafunzo kazini. Hayakuwa na cheti, wala kanga, wala maji ya chupa. Tulitumia muda wa chai na kipindi kimoja cha Stadi za Kazi ambacho, samahani, hakikufundishwa siku hiyo.

Na ndipo tatizo lilipo: muda. Nionyesheni ratiba ya shule ya msingi yenye kisanduku kilichoandikwa "walimu wanajifunza". Haipo, au ipo baada ya saa za kazi, ambapo kinamama wanawahi maji na wengine wanawahi usafiri wa mwisho. Asubuhi mwalimu ana zamu. Saa nne anahesabu wanaokula uji. Mchana anatakiwa takwimu ambazo alizituma juzi lakini fomu imebadilishwa. Kuna PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, ya kujaza, mtandao unashika ukisimama karibu na tangi la maji. Kanuni inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sitataja idadi ya kwetu, msije mkasema natia chumvi. Mtu huyo unamwambia akae na wenzake watafakari ufundishaji wao, saa ngapi? Japani walimu wana desturi ya zaidi ya miaka 100 ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakakaa nyuma wakiwatazama wanafunzi, kisha wakalijadili. Kinachofanya iwezekane huko ni kwamba inahesabiwa kuwa ni kazi. Kwetu kujifunza ni kitu unachofanya ukimaliza kazi.

Jambo jingine ni la kutazamana. Mwalimu wa Tanzania akimwona mtu amekaa nyuma ya darasa na kalamu, mkono wenyewe unaenda kutafuta andalio la somo. Wakaguzi wakabadilishwa jina wakawa wathibiti ubora, sawa, na wapo waungwana kati yao, lakini mwili wa mwalimu bado unakumbuka mkaguzi. Kwa hiyo hata mwenzako akitaka kuingia akusaidie, jambo la kwanza unalojiuliza ni nani kamtuma. Hili haliondoki kwa moduli. Linaondoka mtu akiingia mara ya tatu, ya nne, na hakuna barua iliyofuata.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote waingie shule ya msingi, nchi ilihitaji walimu wengi kwa mpigo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini humo humo: masomo ya maandishi yakija kwao, vipindi vya redio, wakufunzi na waratibu wa elimu wakipita kuwaona. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Najua, walidharauliwa sana, "walimu wa UPE" (Elimu ya Msingi kwa Wote), na dharau nyingine walistahili. Mafunzo yalikuwa ya haraka na madarasa yalifurika. Lakini wazo lenyewe, kwamba mkufunzi ndiye anayesafiri na mwalimu anabaki na wanafunzi, lilikuwa na akili. Leo tumeligeuza. Darasa linabaki na kiranja, mwalimu anapanda Noah kwenda mjini kuambiwa umuhimu wa kutomwacha mwanafunzi nyuma.

Mjini nako! Tangu Serikali ihamie Dodoma kumbi zimeota kila mtaa, na kila ukumbi una projekta inayotafuta mtu wa kumulika. Nimekaa kwenye semina ya mbinu shirikishi ambapo mwezeshaji alizungumza peke yake kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, akisoma slaidi moja inayosema tuepuke kuhubiri darasani. Alianza kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, ili tujue anatupenda, akatufundisha makofi ya maua, watu wazima wenye wajukuu. Mwenzangu akauliza, nikiwa na wanafunzi zaidi ya mia na madawati ya nusu yao, makundi ya watano watano nayapanga wapi? Akaambiwa ni swali zuri sana, likaandikwa kwenye karatasi ya maswali ya baadaye, likabandikwa ukutani. Nadhani bado liko pale.

Kuhusu vishikwambi vilivyotoka kwenye sensa ya 2022: asante, vinasaidia, vifurushi tunanunua wenyewe. Kuhusu kituo cha walimu: ninachokijua mimi kina madawati mabovu mpaka darini.

Na posho, ndiyo, nitaisema kabla hamjaisema nyie. Watu wanaipenda semina kwa sababu ya posho, na simlaumu mtu ambaye siku mbili za ukumbini zinamlipia mtoto sare na madaftari. Ndiyo maana "mwalimu mmoja" anapokezanwa kwa zamu hata kama mada haimhusu. Tumeigeuza kuwa mgao, na mgao lazima uwe wa haki. Ila pesa hiyo hiyo, ukijumlisha ukumbi, vitafunwa, mafuta ya magari na posho za wanaotupa posho, ingemlipa mkufunzi mmoja mzuri akae kata yetu muhula mzima. Tuna Chuo cha Ualimu Mpwapwa mkoa huu huu, tuna UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Wakufunzi wapo. Waje wakae Darasa la Tatu, nyuma kabisa, wiki hii na wiki ijayo na ile nyingine, wale mlenda na sisi.

Kama hilo ni zito, basi naomba dogo, na afisa yeyote anayepita hapa anaweza kulitekeleza kwa barua ya mistari mitatu: Jumatano, vipindi viwili vya mwisho, dakika themanini, shule zote za msingi za wilaya ziziingize kwenye ratiba kama kazi. Muda huo hakuna kikao cha michango, hakuna ugeni, hakuna "tuma takwimu sasa hivi", na hakuna picha. Wanafunzi wa madarasa ya juu wasimamie usomaji wa vitabu, wanaweza. Mada msituletee, tunazo. Inayofuata kwetu ni kugawanya kwa tarakimu mbili. Mwalimu wa Darasa la Nne ameshakubali tuingie tumtazame, kwa sharti kwamba na yeye ataingia kwangu wiki inayofuata, na Mama Mwalimu amesema tusisahau kumwita.