Nilitaka mti mmoja tu
Jamani, nilitaka kucheza tu. Morrowind, mchezo wa kompyuta wa 2002, nimezeeka nao, nikasema safari hii niupendezeshe kidogo kwa modi (nyongeza wanazotengeneza mashabiki) moja ya miti. Moja!

Kumbe modi ya miti inataka modi nyingine ya kuibeba. Hiyo nayo inataka toleo fulani la programu ya tatu: si jipya, si la zamani, ni lile la katikati ambalo kiungo chake kimekufa. Halafu kuna kiraka, faili dogo la kuipatanisha na modi ya majani, ambayo hata sina. Ukurasa unakwambia usome faili la maelekezo. Ukilifungua, linakwambia usome ukurasa.

Saa sita usiku nafika Seyda Neen, kijiji cha kwanza kabisa. Penye mti pana alama kubwa ya mshangao, ya njano, inaelea hewani. Ndivyo mchezo huu unavyokuambia faili la umbo halipo. Napanga upya mfuatano wa modi, naingia tena: mti upo, sasa mlango wa nyumba ndio haupo.

Wanaojitolea kutengeneza modi nawavulia kofia. Wale wa mradi wa Tamriel Rebuilt wanajenga, bila malipo, bara lililo nje ya Vvardenfell, kisiwa ambamo mchezo wenyewe unafanyika. Lakini kuandika mistari miwili, "kwanza weka hiki, kisha kile", kuna ugumu gani?

Sasa nina modi 43. Mhusika wangu yuko levo ya 1, kasimama chini ya mti.