Kunguru na daftari la sayansi

Simama kwenye uwanja wa shule ya msingi mjini Unguja, Dar es Salaam au Mombasa kengele ya mapumziko inapolia. Mtoto hajang'ata andazi mara ya pili, kunguru wameshajipanga ukutani. Mmoja anashuka na kupiga mbawa usoni pa mtoto, andazi linaanguka, na mwenzake aliyekuwa anavizia nyuma ndiye anayeondoka nalo. Watoto wanacheka. Kisha wanaingia darasani kuchora mnyororo wa chakula wa nyasi, swala na simba, na kati yao wapo wasiowahi kumwona swala hata mmoja.

Naona tunapoteza somo zuri lililotua mlangoni. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, akazaana, akaenea bara, na leo pwani ni yake. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga wa kuku anawabeba uani mchana kweupe. Mfumo mzima wa ikolojia uko hapo: taka, mlaji, anayeliwa, na binadamu aliyeanzisha yote kwa nia njema.

Tatizo ni kwamba somo hili likifundishwa kwa ukweli linafika mahali ambapo mwalimu angependa kengele ilie: kulinda bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, wakati mwingine maana yake ni kuua. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kwa sumu inayochelewa kufanya kazi, ndege anakula asubuhi na kufa saa kadhaa baadaye. Mtoto wa darasa la nne aliyeimbishwa wimbo wa kuwapenda wanyama lazima atauliza: na huyu je?

Wapo wanaosema swali hilo lisubiri sekondari, na hoja zao si nyepesi. Mtoto mdogo ukimpa ruhusa ya kuchukia hachagui. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, atapigwa manati pamoja na mgeni. Tena wanalo la kukumbusha. Chui wa Unguja aliaminika kufugwa na wachawi, watu wakamwogopa na kumchukia, na miaka ya 1960 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao. Siku hizi wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Kizazi kilichoambiwa kwamba mnyama fulani ni mwovu kilifanya kama kilivyoambiwa. Halafu kuna jina lenyewe, "kunguru wa Kihindi". Tamka neno hilo mbele ya darasa lenye watoto wa asili ya Kihindi, ongeza kwamba mgeni huyu amevamia na aondolewe, uone macho yanageukia wapi. Hili la jina mimi linanisumbua kuliko hata sumu.

Hata hivyo kunyamaza hakumfichi mtoto kitu. Chuoni, kwenye madrasa, ameshasikia hadithi ya Mtume inayomtaja kunguru miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, yaani aliyeingia katika ibada ya hija au umra. Nyumbani amemwona bibi akirusha kiatu kuokoa kifaranga. Shule isipomweleza, atabaki na nusu ya habari, ile ya hasira. Na "mpende kila mnyama", pamoja na uzuri wake, ni somo la adabu. Ikolojia inauliza nani anamla nani, nani anamlisha nani, na ukimtoa mmoja nini kinatokea kwa wengine.

Swali la nani anamlisha nani ndilo linalonifanya nikubaliane na wanaotaka kunguru aingie darasani, tena mapema. Unguja ilikwisha kujaribu sumu miaka ya 1990. Kunguru walipungua sana, kampeni ikasimama, taka zikabaki palepale, nao wakarudi. Kunguru hafugiki, tunasema, ilhali huyu tunampakulia kila siku: vichwa vya samaki sokoni, ukoko wa wali nyuma ya hoteli, maganda na mabaki kwenye jalala la shule yenyewe. Sumu ni kazi ya watu wazima waliosomea, na mtoto asipewe sehemu yoyote humo, hata ya kushangilia. Jalala lakini ni lake pia.

Ningekuwa na darasa la nne ningeanza kwa kumwita ndege huyo kwa shingo yake ya kijivu, nikaiacha India kwenye ramani. Watoto wamtofautishe kwanza na wa kifua cheupe, wawachore wote wawili. Kisha wiki moja wahesabu kunguru walio jalalani kila baada ya mapumziko, waandike idadi kwenye daftari. Wiki ya pili jalala lifunikwe kwa bati kuukuu na mawe, wahesabu tena saa ileile. Inawezekana idadi isipungue hata kidogo. Hapo mwalimu awapange mstari, watoke nao wakatazame jaa la soko la jirani.