Mbuzi Kaingia kwa Dobi

Nilikuwa na miaka 27, nimepiga ngoma tangu nina saba, na kazi yangu halisi kwenye kikundi bado ilikuwa kuwasha moto. Kwenye fomu ya viza niliandikwa mpiga ngoma kama wenzangu, lakini Bagamoyo nzima inajua ukweli. Kabla ya onyesho ni mimi ninayechuchumaa nyuma ya ukumbi na vifuu vya nazi na vipande vya boksi, nazikanza ngoma moja moja mpaka ngozi ivutike. Ni kazi ya mtoto. Babu aliyenifundisha hupita, anagonga ngozi kwa dole gumba, anategesha sikio kama daktari anayepima kifua, halafu anasema neno moja tu: "Bado."

Kwa hiyo safari ya Japani ilipotokea, Juni 2019, hakuna aliyefurahi kama mimi. Nchi ya mashine ile. Nani atanituma vifuu?

Japani niliyoijua mimi ilitokana na vipanya vya Dar. Zile Hiace zinakuja na maandishi yake ubavuni na hakuna anayehangaika kuyafuta. Kuna moja niliipanda miaka mingi, ina herufi kubwa nyekundu, nikaamini ni jina la kampuni nzito, pengine ya silaha. Nilikuwa na picha yake kwenye simu. Nilipomwonyesha dada mkalimani wetu, alisoma, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema: "Imeandikwa, shule ya chekechea. Tafadhali, watoto wamo." Na mimi nimening'inia mlangoni mwa gari hilo tuko watu ishirini na kitu, konda anatutukana.

Hiace iliyotupokea uwanja wa ndege ilikuwa aina ileile. Tulipanda wanane na mizigo. Dereva akakataa kuondoka. Tulidhani anasubiri ijaze, kumbe Mwalimu, kiongozi wetu, hajafunga mkanda.

Huyo dada alisomea Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Ukisema "mabegi zimekuja", ananyamaza kwa adabu, kisha anajibu, "Ndiyo, yamekuja." Mwalimu alikuwa anaamkiwa shikamoo kila asubuhi bila kukosa. Ana miaka 41. Wiki ya pili alianza kushika kiuno akiinuka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shule kwa shule. Asubuhi tunavua viatu mlangoni, tunaingia kwenye ukumbi wa michezo, watoto mia tatu wamekaa sakafuni kwa mistari, kimya, mpaka unaogopa kukohoa. Jioni, kumbi ndogo za mjini. Kijapani nilishika maneno manne. Arigato, ambalo kila mtu analijua. Sumimasen, ambalo ni samahani, na hodi, na asante, kutegemea umesimama wapi. Oishii, yaani tamu, ukipewa chakula. Na mada, ambalo dereva alilisema kila asubuhi akiwa ameshika usukani, anaangalia mlango wa hoteli, akimngoja Mwalimu: "Mada?" Na sisi tunamjibu kwa huzuni, "Mada." Bado.

Kisha tukafika Kanazawa, na mvua.

Juni kwetu ni kipupwe, masika yameshaondoka, mtu analala kajifunika shuka. Kule ndio kwanza wanaanza tsuyu. Wanaiandika kwa herufi za mvua na plamu, kwa sababu inanyesha plamu zikiiva. Haina hasira kama masika yetu. Inanyunyiza, inatulia, inanyunyiza tena, kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado kakaa. Wenyeji wa Kanazawa wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako, usisahau mwavuli. Sisi miavuli tulipewa. Ngoma hazikupewa kitu.

Siku ya pili mazoezini, msondo ukapigwa, ukajibu: *bufu*. Godoro lililoanikwa likichapwa fimbo linalia vizuri kuliko vile. Chapuo nayo, ambayo Bagamoyo inasikika mpaka ufukweni, ikatoa sauti ya mtu anayekanyaga chapati. Wahenga wanasema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hii ngozi ilikuwa haivutiki kwa yeyote.

Watu saba wakageuka kunitazama.

"Moto," akasema Mwalimu.

Dada akafungua faili lake. Hotelini moto marufuku. Ukumbini moto marufuku. Maegesho ya ukumbi, marufuku, na hapo mstari ulichorwa mara mbili. Mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu maarufu wa Kigogo, alishafika Japani kabla yetu, lakini nyuzi za zeze na vyuma vya ilimba haviombi kifuu cha nazi.

Onyesho kubwa lilikuwa kesho yake jioni. Usiku ule nililala na chapuo. Sisemi kwa mafumbo: chumba kilikuwa kidogo, nikiweka msondo sakafuni mlango haufunguki, kwa hiyo msondo ulisimama bafuni na chapuo ikapanda kitandani, chini ya kiyoyozi. Nikaishika mashine ya kukaushia nywele, nikaipulizia ngozi dakika arobaini, mpaka mashine ikajizima yenyewe kwa kuchoka. Saa sita za usiku, kwetu saa kumi na mbili jioni, mama akapiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Samaki mbichi."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini, kama anaulizia msiba: "Nchi tajiri hivyo, mkaa hawana?"

Asubuhi nilipogonga ngozi: *bufu*.

Wazo la dobi lilinijia dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kufulia, lile ambalo dobi mwenyewe hayupo, kuna mashine tu ukutani na wewe unatumbukiza sarafu. Mashine za kukaushia zilikuwa kubwa, za kuingiza godoro jembamba lote likakunjika humo. Yeni mia kwa dakika chache za hewa ya moto. Nikasema, moto bila moto! Msondo haukuenea. Chapuo, ambayo ni kama ndoo ya lita kumi, ikaingia bila ubishi. Ni gogo la mwembe na ngozi ya mbuzi, na ukingoni manyoya bado yapo, meusi na meupe, kwa sababu Babu anasema ngoma iliyonyolewa haina heshima.

Ukutani kulikuwa na tangazo lenye picha ya mbwa na paka wamekatwa mstari mwekundu. Nililisoma kwa makini, mimi si mtu wa kuvunja sheria za watu. Mbuzi hakuchorwa.

Nikaifunga chapuo kwa taulo nne za hoteli na khanga ya mama, nikatumbukiza mia tatu ili nisibahatishe, nikabonyeza.

Mzunguko wa kwanza ulipita salama. Wa pili, taulo moja ikafunguka. Wa tatu, zote. Kuanzia hapo chapuo ilipanda mpaka juu ya lile pipa, ikatulia kidogo kana kwamba inafikiri, ikadondoka. *DUM.* Ikapanda. *DUM.* Na kila inapodondoka inabingirika kidogo: *DUM-takataka. DUM-takataka.* Naapa, ilikuwa inapiga vizuri kuliko jana yake.

Bibi mmoja alikuwa anakunja mashuka kwenye meza ya kati. Akasimama. Mimi sikujua kwamba mlango wa mashine ukivutwa tu mashine inasimama. Hilo nililijua dakika kumi baadaye. Nilichojua ni kuinama. Nikainama, "Sumimasen." Bibi akainama. Mimi nikaona ameinama chini zaidi, nikainama tena. Naye akanijibu. Tukaendelea hivyo, na nyuma yetu chapuo inatuhesabia, *DUM-takataka*, ungesema tunacheza.

Halafu harufu ikatoka. Ngozi ya mbuzi ikipata joto haiulizi uko nchi gani. Ghafla pale ndani, kwenye sakafu inayong'aa na harufu ya sabuni ya maua, ikawa Idi ya kuchinja. Nikamwona Babu kwenye kigoda chake, watoto wanagombania utumbo, moshi wa vifuu unaniingia machoni na mtu ananipigia kelele nisogeze ngoma isiungue. Miaka yote nilikuwa naikimbia harufu ile. Nilisimama pale naivuta kwa pua zote mbili, machozi yananilenga, na sikuwa na moshi wa kusingizia.

Kwenye kona alikuwepo kijana mwenye vidude vya muziki masikioni. Hakusikia hata DUM moja. Alichofanya ni kuinua macho na kuona manyoya yanazunguka nyuma ya kioo. Akatoka nje, na simu yake.

Polisi walikuja wawili, kwa baiskeli, na makoti ya mvua. Walikuwa wapole kiasi kwamba niliogopa zaidi. Mmoja akavuta mlango, mashine ikanyamaza, akainama kutazama ndani. Ukimya ulikuwa mzito.

Nikaona nieleze mwenyewe. "Meee," nikasema, na vidole viwili kichwani kama pembe. Wakatazamana. Nikaona wanadhani yu hai, nikapitisha mkono shingoni kuonyesha kwamba alishachinjwa, zamani, kwa utaratibu. Mkono wa polisi ukaenda kwenye redio. Nikatafuta neno la kutuliza hali, neno zuri la Kijapani, na kati ya manne niliyokuwa nayo nikachagua hili: nikanyooshea kidole kwenye mashine, nikatabasamu, nikasema, "Oishii!"

Dada mkalimani alifika na mwavuli wa nailoni na nywele zimemlowa. Akatazama polisi, akatazama khanga ya mama inayoning'inia mlangoni mwa mashine, akatazama mimi.

"Kaka," akasema, "kwa nini ngoma imo mle?"

Hata siku ile hakukosea ngeli.

Nikaeleza, akatafsiri. Ilichukua muda, hasa sehemu ya oishii. Polisi waliandika. Nikaifuta mashine kwa taulo za hoteli, nikaokota manyoya moja moja, nikainama kwa kila mtu hadi kijana wa kona. Na wakati wote bibi wa mashuka alikuwa amejifunika mdomo, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoweza kusema, alisema na dada kwa kirefu, na dada akaacha kutafsiri, akabaki anaitikia tu, "Eee? Eee!"

Kumbe Kanazawa ni mji wa No, ule mchezo wao wa kale wa vinyago. Wenyewe husema nyimbo zake zinadondoka kutoka mbinguni, maana hata mafundi juu ya miti walikuwa wakiziimba. Na marehemu mume wa bibi alipiga ngoma huko. Inaitwa otsuzumi, ngozi yake ya farasi, na kabla ya onyesho ngozi hizo hukanzwa kwenye mkaa zaidi ya saa nzima, zisipokanzwa hazilii. Ndugu yake ndogo, kotsuzumi, ni kinyume: hiyo inataka unyevu, mpigaji anaipulizia pumzi na kuilowesha kwa mate. Jukwaa moja, ngoma hii inalilia moto, ile inalilia mate. Sisi tulipigwa butwaa. Mwalimu, aliyekuwa ameshafika akiwa ameshika kiuno, alisema hao watu lazima tuna undugu nao.

Saa tisa alasiri bibi alikuja ukumbini na kifurushi kwenye kitambaa. Akafungua. Jiko! Jiko la mkaa, la udongo, la mviringo, na kile kidirisha cha hewa chini. Shichirin, wanaliita, alisema udongo wake unachimbwa Suzu, kwenye rasi ya Noto, mkoa huohuo. Nikampigia picha mama nikamtumia bila neno.

Wenye ukumbi walisema haiwezekani. Bibi akainama. Wakasema kweli haiwezekani. Bibi akainama zaidi. Mimi nilishapambana naye katika mchezo ule, nilijua wameshindwa. Baada ya nusu saa tulipewa nafasi nyuma, chini ya paa la kushushia mizigo, kwa masharti: ndoo mbili za maji, mtungi wa kuzimia moto, mtu mmoja wa kushika mtungi, mmoja wa kutazama saa, na mmoja mwenye daftari aliyeandika dakika ambayo kiberiti kiliwashwa. Bagamoyo nimewahi kukanza ngoma sita peke yangu, mkono mmoja una embe.

Nikachuchumaa. Mvua inanyunyiza pembeni. Nikaizungusha chapuo taratibu juu ya mkaa, watu watatu wananilinda, na bibi kaketi kwenye kreti la soda akinisimulia kupitia kwa dada kwamba mumewe naye, alipokuwa mwanafunzi, ndiye aliyekuwa mtu wa moto.

Nikachangamka. "Muulize, mpaka akiwa na umri gani?"

Dada akauliza. Bibi akahesabu kwa vidole.

"Anasema mpaka mwalimu wake alipofariki. Alikuwa na miaka 52."

Sikuuliza tena. Moto ulikuwa umekolea, ngozi imeanza kung'aa, nami nilijua kwa mikono yangu kwamba tayari. Nikamsogezea bibi chapuo, kwa fahari. Akagonga mara moja kwa dole gumba, akategesha sikio, akafumba macho.

"Mada," akasema.

Dada akafungua mdomo atafsiri. Nikamwambia aache, nikaongeza mkaa.