Kabla ya kuuliza bei ya bia, sikiliza kelele

Wafanyakazi wenza wanapotafuta baa ya kukutana jioni, swali la kwanza huwa ni punguzo: bei inashuka saa ngapi, na mpaka saa ngapi? Anayeuliza kama mahali penyewe pana kelele huonekana mharibu starehe. Naona anaonewa.

Wanaotaka baa iliyochangamka wana hoja. Mishahara haifanani, na bei nafuu humwezesha mwenye kipato kidogo kukaa na wenzake bila kuhesabu kila glasi. Ukumbi uliojaa huondoa aibu pia. Aliyechelewa anajipenyeza tu, na mkisimama karibu na kaunta ni rahisi kuhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Baa kimya kupita kiasi inaweza kuigeuza jioni kuwa kikao cha ofisi.

Sasa waweke watu kumi na wawili kwenye meza moja ndefu. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake walionyesha kwamba mazungumzo mamoja ni nadra kubeba zaidi ya watu wanne. Akija wa tano, hugawanyika. Kwa hiyo meza hiyo ina mazungumzo matatu au manne yanayoshindana. Hapo ndipo linapoingia jambo alilolieleza daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Meza ya jirani nayo inapaza, muziki unaongezwa ili usikike, nanyi mnapaza tena.

Mazungumzo ya kawaida huwa kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hivi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 94 inabaki saa moja tu. Tena, kabla sikio halijadhurika, kuna walioachwa nje tayari. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano ana upungufu wa kusikia. Ongeza anayezungumza lugha ya wenzake kwa kujikakamua, na mpole asiyeweza kupiga kelele ili asikike. Hawa hutikisa kichwa, hutabasamu, kisha huaga mapema, nasi tunasema hawapendi kujumuika!

Punguzo lenyewe lina walakini. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga marufuku saa za punguzo la pombe mwaka 1984, na Ireland mwaka 2003, kwa hofu kwamba zinachochea ulevi. Na mnywa soda mara nyingi hapati nafuu yoyote, halafu bili inagawanywa sawasawa naye yumo.

Mimi ningechagua baa yenye meza ndogo zinazosogezeka, viti vya kitambaa au mapazia yanayomeza sauti, kona iliyo mbali na spika, na wahudumu wanaokubali kila mtu alipe chake. Ikaguliwe siku na saa ileile mtakayokutana, kwa sababu baa ya adhuhuri haikuambii lolote kuhusu baa ya Ijumaa jioni. Mkifika mapema, ombeni muziki upunguzwe kabla ukumbi haujajaa. Baadaye kelele itakuwa inatoka kwa watu wenyewe, na hakuna mhudumu wa kuipunguza.