Ini likiharibika dawa hazitoki mwilini haraka
Mwandishi umesema vizuri kwamba mgonjwa wa ini asijinunulie dawa kiholela, ila ungegusia na sababu manake watu wengi hawaijui. Ini lina vimeng'enya, kundi kubwa linaitwa saitokromu P450, ndo vinavunja dawa nyingi na kemikali zinazotoka nje. Sasa ini likishajaa makovu, ile sirosisi, seli zenye afya zinapungua na damu nyingine inapita pembeni bila kusafishwa, kwa hiyo kidonge kilekile ulichozoea kinabaki kwenye damu muda mrefu na ukimeza kingine kinapanda juu ya cha jana.

Mjomba wangu mwenye ugonjwa wa ini alikuwa anapewa diazepamu za usingizi, usiku tu, lakini mchana unamkuta kashika kikombe cha chai kimeshapoa anasinzia, ukimuuliza kitu anajibu swali la asubuhi, na sisi tukasema uzee jamani!! Daktari mwingine ndo akazisimamisha, akatueleza ikibidi sana bora lorazepamu, dawa ya jamii hiyohiyo, na yenyewe kwa uangalizi, kwa sababu hiyo haipiti P450, inaunganishwa na kitu cha jamii ya sukari na hiyo kazi ini bovu linaimudu kwa muda mrefu zaidi.

Halafu msidanganyike na ALT na AST, vile vipimo vya damu vya ini, vikiwa vya kawaida, kwenye sirosisi ya siku nyingi inatokea kabisa vikawa hivyo huku vimeng'enya vya kuvunja dawa vimeshapungua, mwambieni daktari aangalie pia bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini huitoa kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na damu inachukua muda gani kuganda.