Shemeji na Bahari Iliyoondoka

Shemeji yangu wa Ipuli anaamini mvua zote za nchi hii zinasubiri ruhusa ya Tabora. Kwetu msimu ni mmoja: Novemba zinaanza, mwishoni mwa Aprili zinakata. Basi zilipoanza kukatika akanijia mbio: "Shemeji, sasa ndiyo Zanzibar! Chumba cha Jambiani nusu bei!"

Nikamwambia nusu bei hiyo ndiyo masika yenyewe. Visiwani mvua ni mara mbili: masika, Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kilele, halafu vuli, Novemba na Desemba, ambazo hunyesha na kuacha. Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Akacheka, akabeba dumu la asali ili safari ijilipe.

Mvua ikatupokea bandarini, ikatusindikiza hadi mlangoni. Shemeji akashinda akiangalia dari na kuhesabu hasara, mpaka asubuhi moja jua likachungulia. Akatoka mbio, akarudi mbio zaidi.

"Bahari imeondoka!"

Ulikuwa mwezi mpevu, maji ya bamvua. Siku hizo, na mwezi unapoandama, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne, na pwani ya mashariki, iliko Jambiani, haina kina, hivyo maji hurudi mbali kuelekea mwambani. Baada ya saa kama sita yanakuwa yamejaa tena. Hilo la saa sita hakulisikiliza, maana alishawaona kina mama wanaolima mwani kule mbali, yaani wateja. Akavua suruali, akaiweka mchangani, akaenda na dumu lake kuuza asali akiwa na bukta tu.

Kina mama wanaijua saa ya maji. Wakafunga mwani wao wakaondoka. Yeye akabaki akibishana bei na wa mwisho wao. Aliporudi maji yalikuwa kiunoni, dumu kichwani, na suruali ilishatangulia safari, nauli ikiwa mfukoni mwake.

Nilimpa ratiba: Januari na Februari, msimu wa upepo wa kaskazi, kukavu ila joto kali, au Juni hadi Septemba, msimu wa upepo wa kusi, kukavu na ubaridi wa kupendeza, japo upande wa mashariki upepo ni mkali. Asiyetaka kukimbiwa na bahari aende Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa.

"Januari," akasema.

Dada akageuka: "Na mahindi atapalilia nani?"

"Basi Julai."

Akapiga simu. Chumba kilekile, bei mara mbili. Sasa ananiuliza kama bwawa la Igombe, hapa kwetu Tabora, wanakodisha miavuli.