Gesi Haikunifukuza
Kwanza tuelewane: gesi haikunifukuza. Najua mmeshasimuliwa, tena kwa vitendo, jinsi nilivyotimua mbio na wingu jeupe nyuma yangu. Wingu lilikuwepo. Mbio pia zilikuwepo. Lakini msimulizi wenu, niliyekuwa naye palepale, ameruka kipande chake, na mimi nakirudisha sasa hivi kabla hata soksi hazijakauka.

Mashine yenyewe ni ile ya kukata nyasi inayotumia gesi ya propani, na mtungi wake hulazwa kwenye kitanda cha chuma. Kitandani pana kichuma kilichosimama, na ukingoni mwa mtungi pana tundu. Kichuma kiingie tunduni, basi. Hapo mrija wa ndani unabaki juu kwenye mvuke, na injini hii inataka mvuke. Ukiulaza mtungi umegeuka, mrija unazama kwenye gesi iliyo kimiminika, na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, inalishwa kitu ambacho haikuundwa kukila. Inaganda.

Aliyeulaza mtungi ni nani? Muulizeni msimulizi. Mimi nilikuwa mkaguzi, nikaupigapiga kwa kiganja nikasema, "Uko sawa kabisa."

Nati ya mpira wa gesi niliikaza kwa mkono tu, maana spana inaponda oringi, ile pete laini inayoziba maungio. Nisichokijua ni kwamba oringi ilikuwa na ufa. Nikaweka ndoo ya maji ya sabuni karibu, nikafungua valvu taratibu. Taratibu, wapendwa! Ukifungua kwa pupa, kizuizi cha ndani kinadhani mpira umekatika, kinajifunga, halafu utavuta kamba ya kuwashia hadi bega lilie. Nikainama na brashi kupaka povu kwenye maungio, maana likivimba ujue gesi inavuja.

Povu halikupata nafasi. Nilisikia "ssss". Nati ikageuka nyeupe. Barafu ikaanza kupanda kwenye kidole cha glovu, maana propani iliyo kimiminika huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ikafuata ile harufu ya mayai viza inayotiwa makusudi ili pua ikushtue, na ukungu ukamwagika kutoka kwenye maungio. Kizuizi? Kimetulia zake. Uvujaji mdogo haukishtui.

Valvu ilikuwa mbele ya pua yangu. Mkono una glovu. Zungusha kulia, mambo yameisha. Mkono ukaitupa brashi, mguu ukapiga ndoo teke, sabuni ikanijaa viatuni, na miguu ikachagua njia bila kunishauri.

Ikachagua mteremko.

Hapa nisitirini. Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara 1.5. Inatambaa chini, inashuka mteremko, inatuama penye shimo. Ni mimi ninayewaimbia watu kila siku: panda juu, uende upepo unakotoka. Nimeteremka, na upepo mgongoni. Kugeuka, naona ukungu unashuka polepole bila haraka yoyote, kana kwamba una miadi na mimi. Tena ukungu ule ni unyevu wa hewa tu uliopozwa. Gesi yenyewe haionekani, na huenda ilishatangulia. Kulijua hilo kuliniongezea kasi. Viatu vyenye sabuni vikanikalisha.

Nimekaa hivyo, na simu inatetema mfukoni. Ni msimulizi! Amesimama juu, upande salama, ananipigia simu aniambie nipande juu. Badala ya kupaza sauti! Propani huwaka ikiwa kama asilimia 2 hadi 10 ya hewa, na cheche ndogo tu inatosha. Nikaichomoa simu nikaivurumisha kwenye nyasi ndefu. Msiniulize kuivurumisha kulikuwa salama kiasi gani.

Nikakata pembeni, nikapanda kwa kuzunguka. Yeye akaja kutoka upande wa upepo, amevaa glovu, akafunga valvu kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika mbavu kwa kicheko.

Mengine yalikwenda upesi. Tulisubiri mpaka harufu ikaisha, bila kuwasha chochote. Mtungi ukageuzwa, kichuma tunduni, oringi mpya, povu likapakwa na halikuvimba. Injini ikawaka mara moja, nasi tukaizima inavyotakiwa: unafunga valvu ya mtungi kwanza, injini inakunywa kilichobaki kwenye mpira hadi ife yenyewe. Mtungi ukapelekwa kukaa nje, si stoo.

Nyasi hazijakatwa. Simu imo humo, nimeiweka kwenye mtetemo, na siwezi kupitisha visu juu yake. Kwa sasa naandika kwa simu ya msimulizi, kwa hiyo nyie mnaomtumia vicheko tangu asubuhi, navisoma vyote mimi.